Kinyonga wa Kenya anatesa Hawaii

Hapa Igowole ukitaka kutawanya kijiwe kizima, okota kinyonga tu. Nimeshuhudia njemba ikitupa baiskeli na kutimua mbio!

Sasa msomaji wangu, sikia kasheshe ya Hawaii, Marekani. Mwaka 1972 mwenye duka la wanyama kisiwani Oahu aliagiza toka Kenya vinyonga wa pembe tatu. Wakafika hoi, akawaachia bustanini kwake wapate nafuu. Nafuu waliipata, tena wakapitiliza! Wakasambaa porini, wengine watu wakawabeba hadi kisiwa cha Maui. Jike lake halitagi mayai, linazaa watoto hai, hata 20 kwa mkupuo.

Noma ni menyu yake. Hawaii kuna konokono wadogo wa mitini wasiopatikana kwingine kokote duniani, na kuzaa kwao ni kwa taratibu mno. Jamaa anawameza na magamba yao.

Huku Mufindi tunaye ndugu yake, naye ana pembe tatu, ila nyoka na ndege wa misituni wanamla, hatambi. Kule nyoka wa mitini hakuna. Sheria inakataza kumvusha kisiwa hadi kisiwa, lakini wapo wanaomfuga ndani, ati ni pambo.