Gari umenunua, halafu kiti unalipia kila mwezi!

Wadau, king'amuzi mnakijua. Kipo sebuleni, umekinunua kwa hela yako, ila usipolipia kifurushi chaneli zinakata. Sasa watengeneza magari nao wameingia kwenye mchezo huo huo.

Inakuwaje? Gari nyingi za siku hizi zina kompyuta na laini ya simu humo ndani. Kiwandani wanafunga kifaa kwenye gari zote, maana kuunda aina moja ni rahisi kuliko aina kumi. Halafu programu ndiyo inaamua kipi kiwake na kipi kilale. Ukilipa, amri inakuja kwa intaneti, kifaa kinafunguka. Fundi hagusi hata spana.

Mifano ipo. Mwaka 2022 BMW walianza kutoza huduma ya kupasha joto viti, Uingereza ilikuwa pauni 15 kwa mwezi. Na hita tayari ilikuwa ndani ya kiti! Watu wakaja juu, 2023 BMW wakaachana nayo. Mwaka 2025 Volkswagen wakaja na yao hukohuko Uingereza: baadhi ya ID.3 zina nguvu za farasi 201, ukitaka 228 unalipa pauni 16.50 kwa mwezi, au 649 mara moja.

Kwa nini wanang'ang'ania? Gari ikiuzwa, hela inaingia mara moja tu. Kifurushi kinaingiza miaka na miaka. GM ya Marekani mwaka 2021 ilisema inalenga dola bilioni 20 hadi 25 kwa mwaka kutoka kwenye programu na huduma ifikapo 2030.

Wanaotetea wanasema si lazima, unalipia miezi unayohitaji tu. Sawa. Lakini sisi wa gari za mkononi je? Februari 2020 iliripotiwa kule Marekani kwamba Tesla walizima mfumo wa kujiendesha kwenye Model S iliyokwishauzwa kwa mtu mwingine, wakidai hakuulipia. Baada ya kelele wakaurudisha.

Gari za namna hii zikianza kujaa bandarini Dar na Mombasa, usiishie kukagua injini na bodi. Uliza pia: hiki kinachowaka leo ni cha gari, au ni cha akaunti ya mwenye gari wa kwanza?

Nawasilisha. Nyie mnasemaje, huu ni ubunifu au wizi mtupu?