Nani Hulipa Barabara Itengenezwe?

Somo la redio kwa madarasa ya watu wazima. Limepigwa chapa kama lilivyosomwa, ili msomaji aweze kulirudia polepole.

Mwenye kalamu na aishike, kwa sababu leo tutafanya hesabu kidogo. Walio Wampembe, Kala na vijiji vingine vya mwambao wa Ziwa Tanganyika na wasikilize kwa makini, maana somo hili linawahusu sana. Lakini hata aliye Namanyere au Sumbawanga mjini atapata faida yake.

Somo letu ni fedha za kutengeneza barabara. Barabara haitengenezwi kwa maneno. Greda hunywa mafuta, kalavati hununuliwa, na mtu anayezibua mfereji hana budi kulipwa ujira wake. Fedha hizo hutoka wapi? Watu wengi hujibu, "Hutoka Serikalini." Jibu hilo ni kweli, lakini ni nusu ya jibu. Serikali nayo huzipata wapi? Tuanzie hapo.

BARABARA HUHARIBIWA NA NINI

Barabara ya udongo ina maadui wawili. Wa kwanza ni maji. Wewe unayekaa Wampembe unamjua adui huyu. Uwanda wa Ufipa, sehemu nyingi, uko juu ya mita 1,500 kutoka usawa wa bahari, na Ziwa Tanganyika liko kwenye mita 770 hivi. Basi barabara itokayo Kitosi kuja Wampembe lazima iteremke sana. Mvua ikinyesha juu, maji hushuka kwa nguvu na kutafuta njia rahisi. Mfereji ukiwa umeziba, njia rahisi ni barabara yenyewe. Ndiyo maana mafundi huinua katikati ya barabara kama mgongo, ili maji yaende pembeni mwake.

Adui wa pili ni uzito. Kati ya mwaka 1958 na 1960, huko Illinois, Marekani, wataalamu walijenga barabara za majaribio na kuendesha malori juu yake mchana na usiku. Waliona jambo la ajabu. Uzito ulio juu ya ekseli ukiwa mara mbili, madhara hayawi mara mbili, bali huwa kama mara 16. Andika hivi: 2 × 2 × 2 × 2 = 16. Kwa hiyo lori moja lililojaa kupita kiasi laweza kuharibu barabara kuliko pikipiki nyingi mno zinazopita hapo kutwa nzima.

Kumbuka jambo hilo, kwa sababu linazaa swali la haki: je, anayeharibu zaidi alipe zaidi?

NJIA YA KWANZA: LESENI YA MOTOKAA

Hapa hatusemi leseni ya udereva. Tunasema ada ambayo mwenye motokaa hulipa kila mwaka ili motokaa yake iruhusiwe kwenda barabarani.

Njia hii ni ya zamani. Uingereza iliiweka katika sheria ya barabara ya mwaka 1920. Ada za motokaa ziliingizwa katika Mfuko wa Barabara, na watu waliambiwa kwamba fedha hizo ni za barabara. Lakini mwaka 1926 Winston Churchill, aliyekuwa Waziri wa Fedha, alichukua sehemu ya fedha za mfuko huo kwa matumizi mengine ya Serikali. Kuanzia mwaka 1937 ada hizo zikawa zinakwenda moja kwa moja katika Hazina, pamoja na kodi nyingine zote. Fundisho ni hili: kuita ada kwa jina la barabara hakutoshi. Lazima sheria iseme fedha zitawekwa wapi, na watu waendelee kuuliza.

Mahali pengine miji yenyewe imepewa ruhusa ya kutoza. Katika jimbo la Washington, Marekani, sheria ya mwaka 2007 iliruhusu miji kutoza ada ya hadi dola 20 kwa mwaka kwa kila motokaa, kwa ajili ya barabara zao wenyewe. Wenyeji wengine walifurahi kuona mashimo yakizibwa. Wengine walilalamika kwamba ada ni nyingi. Mwaka 2019 wapiga kura wa jimbo hilo walikubali pendekezo la kupunguza ada za motokaa, lakini mwaka 2020 Mahakama Kuu kabisa ya jimbo ililitangua.

Je, njia hiyo ingefaa kwetu? Tufanye hesabu ya mfano. Tuseme kata moja ina motokaa 20, na kila moja inatozwa shilingi 150,000 kwa mwaka. Zidisha: 20 × 150,000 = 3,000,000. Shilingi milioni tatu haziwezi kutunza barabara ndefu yenye milima na mito. Mji wenye motokaa laki moja hupata fedha nyingi kwa njia hii. Kata yenye motokaa 20 hupata kidogo, ingawa barabara yake huenda ni mbaya zaidi, na motokaa ni chache kwa sababu barabara yenyewe ni mbaya! Kwa hiyo mahali penye motokaa chache panahitaji chungu kimoja cha nchi nzima, ambamo wenye nyingi na wenye chache wote huchangia na wote hupakua.

TANZANIA ILIBADILI NJIA

Tanzania nayo ilikuwa na ada ya leseni ya motokaa ya kila mwaka. Mamlaka ya Mapato ndiyo iliyoikusanya, na motokaa iliyolipiwa ilibandikwa stika kwenye kioo cha mbele. Motokaa ndogo, yenye injini isiyozidi ujazo wa sentimita 1,500, ililipiwa shilingi 150,000 kwa mwaka.

Njia hiyo ilikuwa na matatizo. Motokaa iliyolala uani mwaka mzima ilidaiwa sawa na ile iliyozunguka kila siku. Wengine hawakulipa, madeni yakalimbikizana, na polisi wakawa na kazi ya kusimamisha motokaa njiani kutazama stika.

Mwezi wa Juni 2017, Waziri wa Fedha, Dakta Philip Mpango, alilitangazia Bunge kwamba ada ya kila mwaka inafutwa. Ada ingelipwa mara moja tu, motokaa inapoandikishwa kwa mara ya kwanza. Ili kufidia pengo, ushuru wa bidhaa uliongezwa shilingi 40 kwa kila lita ya petroli, dizeli na mafuta ya taa.

Chukua kalamu. Gawanya 150,000 kwa 40. Jibu ni 3,750. Maana yake ni kwamba mwenye motokaa ndogo aliyetumia chini ya lita 3,750 kwa mwaka alipata nafuu. Aliyetumia zaidi ya hizo alilipa zaidi kuliko zamani. Kwa upande huu njia mpya ina haki: atumiaye sana hulipa sana. Tena ni vigumu kuikwepa, kwa sababu fedha hutozwa mafuta yanapoingia nchini, kabla hayajafika kwenye kituo cha mafuta.

Lakini tazama upande wa pili. Mvuvi wa Wampembe hana motokaa. Hajawahi kudaiwa stika. Lakini mtumbwi wake una mashine inayokunywa petroli. Akichoma lita 10 kwa usiku mmoja, analipa 10 × 40 = shilingi 400. Akivua usiku 200 kwa mwaka, ni 400 × 200 = shilingi 80,000. Mwenye mashine ya kusaga inayotumia dizeli naye hulipa. Mama aliyewasha taa ya mafuta naye alilipa. Pampu ya mafuta haiulizi: "Je, mafuta haya yanakwenda barabarani au ziwani?"

Kwa hiyo, ndugu yangu, usikubali mtu akuambie kwamba barabara ni za wenye magari kwa sababu wao ndio wanaozilipia. Wewe mvuvi, wewe msagaji, nawe unayelipa nauli, wote mmo katika hesabu.

USHURU SI SAWASAWA NA TOZO

Hapa wengi huchanganya, basi tuende polepole. Katika bei ya lita moja ya petroli mna makato kadhaa. Mawili yanatuhusu leo.

La kwanza ni ushuru wa bidhaa. Fedha hizi huingia katika Mfuko Mkuu wa Serikali. Zaweza kulipa walimu, dawa, madeni au barabara. Zile shilingi 40 za mwaka 2017 ziliwekwa katika ushuru huu.

La pili ni tozo ya mafuta. Fedha hizi huwekwa katika Mfuko wa Barabara, na kazi yake kubwa ni matengenezo ya barabara. Mfuko huo uliwekwa na mabadiliko ya sheria ya mwaka 1998, na Bodi yake ilianza kazi mwaka 2000. Mwaka 2021 Bunge lilikubali tozo hiyo iongezwe shilingi 100 kwa kila lita ya petroli na dizeli, na ilielezwa kwamba nyongeza hiyo ni kwa ajili ya barabara za vijijini na mijini.

Basi dereva wa bodaboda anayetumia lita 3 kwa siku hulipa kwa nyongeza hiyo peke yake 3 × 100 = shilingi 300. Kwa siku 300 za kazi ni shilingi 90,000. Fedha hizo ni zake. Ana haki ya kuuliza zimefanya nini.

NANI HUZITUMIA FEDHA HIZO

Barabara zetu zina wenyewe wawili. Barabara kuu na barabara za mkoa zinasimamiwa na Wakala wa Barabara, yaani TANROADS, ulioanza mwaka 2000. Barabara za wilaya, za vijiji na mitaa ya miji zinasimamiwa na Wakala wa Barabara za Vijijini na Mijini, yaani TARURA, ulioanza mwezi wa Julai 2017. Kabla ya hapo kazi hiyo ilikuwa ya halmashauri. Kwa miaka mingi fedha za matengenezo za Mfuko ziligawanywa hivi: katika kila shilingi 100, shilingi 70 kwa barabara kuu na za mkoa, na shilingi 30 kwa barabara za wilaya.

Kwa nini ujue hayo? Kwa sababu malalamiko yaliyopelekwa mlango usio wake hayajibiwi. Barabara ya Kitosi mpaka Wampembe imo katika barabara za mkoa. Ikikatika, mlango wa kubisha ni TANROADS mkoani Rukwa. Lakini njia inayotoka barabara hiyo kwenda kitongojini, shuleni au zahanati ni ya TARURA wilayani Nkasi. Anayebeba samaki wabichi, au anayemkimbiza mama mjamzito hospitalini, hupita zote mbili. Shimo halimwambii ni la nani. Yafaa yeye mwenyewe ajue.

KAZI YA KUFANYA

Kusoma kusiishie darasani. Sheria ya mwaka 1982 ya serikali za mitaa inataka mkutano mkuu wa kijiji ukutane kila baada ya miezi mitatu. Mkutano huo ni wa kila mkazi mwenye umri wa miaka 18 au zaidi. Nenda na maswali yaliyoandikwa. Usiseme tu, "Barabara mbaya." Andika hivi:

1. Jina la barabara, na mahali palipoharibika.
2. Limeharibika nini: mfereji, kalavati, daraja au uso wa barabara?
3. Tangu mwezi gani?
4. Je, imetengewa fedha mwaka huu? Kiasi gani, na mkandarasi ni nani?

Ombeni maswali hayo yaandikwe katika muhtasari. Diwani wenu ayachukue mpaka Kamati ya Maendeleo ya Kata, na kutoka huko mpaka Baraza la Madiwani. Neno lililosemwa hupeperuka, lakini lililoandikwa hungoja jibu.

Nanyi msingoje greda kwa kila jambo. Mfereji ulioziba kwa majani na mchanga waweza kuzibuliwa kwa majembe asubuhi moja kabla ya mvua za Novemba. Usilime mpaka ukingoni mwa barabara. Usifukie mfereji ili kupitisha mkokoteni. Fedha zote tulizozitaja hazitashinda maji yaliyofungiwa njia.

MASWALI YA KUJADILIANA DARASANI

1. Mvuvi hutumia lita 8 kila usiku. Kwa nyongeza ya tozo ya mwaka 2021, hulipa shilingi ngapi kwa usiku 150?
2. Motokaa ya umeme hainunui petroli wala dizeli, lakini hupita barabarani. Ilipe kwa njia gani?
3. Je, ni haki mafuta ya mtumbwi yachangie barabara? Anayesema ndiyo atoe sababu, na anayesema hapana atoe sababu.
4. Taja barabara mbili unazozipita wewe. Ipi ni ya TANROADS, na ipi ni ya TARURA?

MANENO YA KUJIFUNZA

Ada: malipo ya kupewa ruhusa au huduma.
Tozo: malipo yanayokatwa kwa kazi maalumu.
Mkandarasi: mtu au kampuni iliyopewa kazi ya ujenzi kwa mapatano.
Muhtasari: maandishi mafupi ya mambo yaliyosemwa mkutanoni.

Mwalimu wa darasa akusanye majibu ya swali la tatu, kwani ndilo litakaloleta ubishi. Bishaneni kwa hoja, tena kila mmoja amsikilize mwenzake mpaka mwisho. Kwaherini mpaka somo lijalo.