Mtoto wetu akiwa Uingereza

Wengi wetu tuna mtoto ao ndugu Uingereza. Tujue anaishi namna gani.

Ufalme ule una inchi nne: England, Scotland, Wales na Ireland ya Kaskazini. Mlima wao mrefu kupita yote, Ben Nevis, una metre 1.345, Nyiragongo yetu inapita 3.400.

Mwaka wao una majira manne. London, katika mwezi wa 12, jua linatua karibu saa kumi ya mchana. Katika mwezi wa 6 linatua nyuma ya saa tatu ya usiku. Ngozi nyeusi inahitaji jua zaidi ili mwili utengeneze vitamini D yenye kukomaza mifupa. Kwa hiyo serikali yao inashauri watu weusi wafikirie kutumia mikrogramu 10 kila siku, mwaka muzima. Mama, muulize mtoto wako kama anazitumia.

Kule watu wanapanga mustari kila mahali, na jirani haingii kwako bila kuagana naye mbele. Si chuki, ni heshima yao. Lakini mgeni anaweza kukaa peke yake siku nyingi. Asingoje kuitwa, yeye mwenyewe ajijulishe.

Basi tumupigie simu. Wakati wa baridi wako nyuma yetu masaa mawili. Kuanzia mwisho wa mwezi wa 3 mpaka mwisho wa mwezi wa 10, saa moja tu. Ukipiga alfajiri, utamwamsha usiku.