Kwanza Ijue Spika, Ndipo Utafute Amplifaya

Hapa karakanani kwangu Mwembe Tayari, Mombasa, swali ninaloulizwa kuliko yote ni hili: "Fundi, amplifaya hii ina wati ngapi?" Anayeuliza mara nyingi ameleta jozi ya spika za mbao alizorithi kwa baba yake au kwa mjomba, na anatafuta mashine ya kuzipigia santuri za nyumbani. Namjibu kwa swali: spika zenyewe unazijua? Kiatu hufuata mguu, na amplifaya hufuata spika.

La kwanza la kujua ni omu, yaani kipimo cha ukinzani wa spika dhidi ya umeme. Tazama nyuma ya boksi, kwenye alama ya Ω. Utakuta 4, 8, au kwa spika nyingi za Uingereza za enzi ya valvu, 15 au 16. Namba ikiwa ndogo, spika huvuta mkondo mwingi zaidi wa umeme, na amplifaya isiyo na nguvu hupata joto mpaka transista zake zinaungua. Tena namba hiyo ni ya jumla tu. Muziki unapopanda kwenye sauti nyembamba na kushuka kwenye besi, ukinzani nao hupanda na kushuka.

Chukua AR-3a ya Marekani, iliyotoka mwaka 1967. Ni boksi lililozibwa kabisa, lenye wufa, yaani spika ya besi, ya inchi 12, na besi yake inashuka chini sana kuliko unavyotarajia kwa ukubwa wake. Lakini ni spika ya omu 4, na ni nzito kuamsha. Ukiifungia amplifaya nyepesi iliyoundwa kwa omu 8, utaichosha mashine na muziki utasikika umefifia. Hiyo inataka amplifaya yenye transfoma kubwa, ambayo mtengenezaji wake ameandika wazi kwamba inabeba omu 4.

Mwenye amplifaya ya valvu ana njia nyingine. Nyuma yake kwa kawaida kuna matundu ya 4, 8 na 16. Funga waya panapolingana na spika yako. Na usiiwashe kamwe ukaipigisha muziki bila spika, kwa maana unaweza kuua transfoma ya kutolea sauti, na hiyo ni ghali kuliko valvu zote.

La pili ni wepesi wa spika kuitikia. Hupimwa kwa desibeli: ukiipa wati 1 na kukaa mita 1 mbele yake, inatoa sauti kiasi gani? Hapa ndipo hesabu ya wati inapowapoteza watu. Kila desibeli 3 unazopungukiwa, unahitaji nguvu maradufu. Ukipungukiwa 10, unahitaji mara kumi. Klipschorn, spika ya kona aliyoibuni Paul Klipsch wa Arkansas katika miaka ya 1940, inapita desibeli 100. LS3/5A, iliyobuniwa na BBC mwanzoni mwa miaka ya 1970 kwa ajili ya magari ya matangazo, iko karibu na 83. Tofauti hiyo inapita mara hamsini ya nguvu! Ya kwanza inaujaza ukumbi kwa wati chache za valvu. Ya pili, yenye kimo cha sentimita 30 hivi, inapenda wati 30 hadi 50 zilizo safi, na chumba kidogo. Ukiitumia hivyo, unasikia hata mwimbaji anavyovuta pumzi. Ukiilazimisha kuchezesha harusi, utaiua.

Tatu, jua kikomo cha spika. Spika ya Quad ya mwaka 1957, kazi ya Peter Walker wa Uingereza, haina koni wala koili. Ina utando mwembamba wa plastiki uliotiwa volteji kubwa, ndiyo maana huchomekwa kwenye umeme wa ukutani. Kwenye sauti nyembamba kabisa ukinzani wake unashuka chini ya omu 2, na si kila transista inavumilia mzigo wa namna hiyo. Volti zikizidi, cheche hutoboa utando. Walker mwenyewe alikuwa ameshatengeneza amplifaya ya Quad II ya valvu, wati 15 tu, na zinatosha. Mtu akikuuzia amplifaya ya wati 200 kwa spika hizi, amekuuzia hatari.

Lakini udogo nao una hatari yake. Amplifaya dhaifu ikikazwa kupita uwezo wake hukata vichwa vya mawimbi ya sauti, na makali yanayotokea huenda kwenye twita, ile spika ndogo ya sauti nyembamba, na kuichoma. Ukisikia sauti inakwaruza, punguza mara moja.

Kabla ya kununua chochote, kagua. Sponji inayozunguka koni za miaka ya 1970 huoza. Iguse taratibu kwa kidole. Pima spika kwa mita: ya omu 8 husoma kati ya 5 na 7, na isiposoma kitu, koili au waya umekatika. Amplifaya ya zamani ya transista nayo ipimwe volti za moja kwa moja kwenye matundu ya spika kabla ya kufungwa. Zikizidi milivolti 50, ipeleke kwa fundi kwanza, maana kosa hilo likikua huchoma wufa isiyopatikana tena dukani.

Nyingi za spika hizi hazitengenezwi tena kama zilivyokuwa, nazo zinastahili heshima. Andika kwenye karatasi jina na modeli ya spika yako, omu zake na desibeli zake, uende nayo kwa muuzaji. Akikujibu kwa wati peke yake, tafuta muuzaji mwingine.