Jinsi ya Kuliandaa Gari Dogo kwa Safari za Theluji

Mimi ni mwanachama wa zamani wa chama hiki cha Kiswahili. Nilikuwa katibu wake nikiwa kidato cha tatu, na kazi yangu kubwa ilikuwa kuwasumbua wenzangu walete makala kwa wakati. Leo zamu imenigeukia. Mlezi wa chama ameniandikia akitaka nieleze jambo moja la huku niliko, jimbo la Minnesota nchini Marekani, ambalo mwanafunzi wa Kenya hatalipata katika vitabu vyake. Nimeamua kueleza jinsi ya kuliandaa gari dogo ili liweze kwenda, na hasa kusimama, katika theluji.

Huenda ukauliza, "Theluji na sisi wapi na wapi?" Ni kweli, theluji yetu iko kileleni mwa Mlima Kenya, mahali pasipofika matatu. Hata mwaka wa 2008, ardhi ilipogeuka nyeupe pepepe huko Busara karibu na Nyahururu, watu walidhani ni theluji kumbe ni mvua ya mawe iliyorundikana. Lakini Wakenya wengi tumehamia Minnesota, na ukiingia madukani katika mji wa Brooklyn Park si ajabu kusikia Kikisii na Kiswahili. Kazi nyingi ziko mbali na vituo vya basi, kwa hivyo gari si anasa. Nani ajuaye? Kesho huenda zamu ikawa yako.

ASIYESIKIA LA MKUU

Nilifika hapa Agosti 2013. Mjomba wangu, aliyenitangulia kwa miaka mingi, alinipokea kwake. Baada ya muda nilinunua Toyota Corolla kuukuu, nikaanza kazi ya usiku ya kuwatunza wazee. Mwezi wa Oktoba mjomba alilizunguka lile gari, akapiga tairi teke.

"Mpwa wangu, tairi hizi haziwezi baridi ya huku. Nunua za theluji kabla Novemba haijaisha."

"Sawa mjomba, lakini mwezi huu natuma karo ya dada."

"Na ukifa, karo atalipa nani?"

Nilicheka. Nilikuwa nimeendesha pikapu ya majani chai katika matope ya Nyamira kwa miaka miwili. Nani angenifunza mimi kuteleza? Kumbe nilikuwa kama yule mgema aliyesifiwa.

Asubuhi moja ya Disemba nilikuwa nikitoka kazini. Theluji ilikuwa imeanguka usiku kucha, na magari yaliyotangulia yalikuwa yameishindilia ikawa ngumu kama sakafu. Nilikuwa nikienda kama kilomita 50 kwa saa. Mbele yangu basi la shule la manjano likasimama, taa zake nyekundu zikawaka, mlango ukafunguka. Nilikanyaga breki. Breki zilishika barabara, nilizisikia zikitetemeka chini ya mguu wangu, lakini gari, bwana wee, lilizidi kwenda kama kwamba hakuna aliyeliambia kitu! Nikaona mtoto mmoja mwenye kofia nyekundu akiteremka ngazi za basi. Kijasho chembamba kilinitoka katika baridi ile. Nilipunguza kukanyaga breki, nikakata usukani kulia, na gari likajikita katika rundo la theluji kando ya barabara. Kutoka pale hadi kwenye basi zilikuwa hatua tano. Yule mtoto alinipungia mkono, akadhani ni mchezo.

Siku hiyo hiyo nilinunua tairi nne kwa dola 420.

HESABU YA KUSIMAMA

Hapo ndipo nilipoelewa jambo moja ambalo ningependa msomaji aondoke nalo: gari halisimamishwi na breki. Breki husimamisha magurudumu tu. Kinachosimamisha gari ni tairi kushikana na barabara.

Ninyi wa fizikia mnaijua hesabu hii. Umbali wa kusimama ni mwendo mara mwendo, gawanya kwa mara mbili ya msuguano zidisha mvutano wa ardhi. Lami kavu ina kipimo cha msuguano cha takriban 0.7, theluji iliyoshindiliwa kama 0.2, na barafu kama 0.1. Gari linalokwenda kilomita 50 kwa saa litahitaji karibu mita 14 kusimama katika lami kavu, karibu mita 50 katika theluji, na karibu mita 100 katika barafu. Na hapo hatujahesabu muda wa mguu kufika kwenye breki.

Tazama pia kwamba uzito wa gari haumo katika hesabu hiyo. Kwa hivyo usimwonee gere mwenye gari kubwa. Magari yanayosukumwa na magurudumu yote manne huondoka upesi katika theluji, lakini yakitakiwa kusimama hayana ubora wowote juu ya Corolla yangu. Ndiyo maana hutakosa kuyaona yamelala mtaroni.

Sasa tuseme umefunga tairi za theluji, na kipimo kikapanda kutoka 0.2 hadi 0.3. Utaona ni kitu kidogo. Lakini umbali hushuka kutoka mita 50 hadi kama mita 33. Mita 17 ulizookoa ni zaidi ya urefu wa basi zima la shule.

1. TAIRI

Raba ya tairi ya kawaida huanza kukakamaa baridi inaposhuka chini ya nyuzi 7 hivi. Raba ikikakamaa haiumi barabara tena. Tairi ya theluji imetengenezwa kwa raba inayobaki laini hata katika baridi kali, na meno yake yana mikato midogo midogo mingi inayong'ang'ania theluji. Utaitambua kwa alama iliyo ubavuni: mlima wenye vilele vitatu na ndani yake chembe ya theluji. Herufi M na S peke yake hazitoshi, kwani hueleza umbo la meno tu.

Funga zote nne. Wapo wanaotaka kupunguza gharama wakafunga mbili za mbele, kwa kuwa ndizo zinazovuta gari. Matokeo yake ni kwamba mbele hushika na nyuma huteleza, na ukikata kona gari hugeuka likatazama lilikotoka. Tairi ikibakiwa na meno ya chini ya milimita 4, ihesabu kuwa imezeeka kwa kazi ya theluji.

Hapa gari dogo lina bahati. Tairi nyembamba hupasua theluji ikafika chini, ilhali tairi pana huelea juu yake. Isitoshe, katika magari mengi madogo injini iko juu ya magurudumu yale yale yanayovuta, na uzito huo huyasaidia kushika.

Usisahau upepo. Baridi hufanya hewa inywee. Tairi iliyojazwa upepo 32 siku ya nyuzi 20 za joto itasoma kama 25 siku ya nyuzi 20 chini ya sifuri, na haijatoboka popote. Pima kila baada ya wiki chache.

Na minyororo je, ile tunayofunga kwenye matope nyumbani? Huku huitaji sana mijini, kwa sababu malori yenye majembe mbele hupita yakikwangua barabara. Ni chombo cha milimani na njia zisizokwanguliwa. Tairi zenye misumari nazo haturuhusiwi wakaazi wa kawaida wa Minnesota, kwani huchimba lami.

2. BETRI

Januari 6, 2014, gavana wa jimbo alifunga shule zote za umma kwa sababu ya baridi. Asubuhi hiyo ilikuwa zaidi ya nyuzi 25 chini ya sifuri. Nilizungusha ufunguo, gari likasema "tik", likanyamaza.

Betri huzalisha umeme kwa kemikali, na kemikali hulegea katika baridi. Wakati huo huo mafuta ya injini huwa mazito kama asali, kwa hivyo betri dhaifu hupewa mzigo mkubwa zaidi. Kabla ya msimu, mwambie fundi aipime. Ukinunua mpya, tazama nambari ya nguvu yake katika baridi, ambayo hupimwa kwa nyuzi 18 chini ya sifuri. Tumia mafuta mepesi ya injini, yale ambayo nambari kabla ya herufi W ni 0 au 5, kadiri kitabu cha gari kinavyoagiza. Watu wengi pia hufunga hita ndogo kwenye injini na kuichomeka kwa umeme wa nyumba usiku. Ukiona gari huku lina kijiplagi kinachoning'inia mbele, usishangae.

3. MAJI YA REJETA NA YA KIOO

Nyumbani tumezoea kujaza rejeta maji ya bomba. Huku ukifanya hivyo umeiua injini. Maji yakiganda hutanuka karibu asilimia 9, na chuma cha injini hupasuka kama chupa. Dawa ya kuzuia kuganda huchanganywa nusu kwa nusu na maji, na mchanganyiko huo hustahimili hadi nyuzi 37 hivi chini ya sifuri. Usidhani dawa tupu ni bora zaidi. Ikiwa peke yake huganda mapema kuliko ikichanganywa.

Hali kadhalika maji ya kuoshea kioo yawe ya msimu wa baridi. Malori ya serikali humwaga chumvi barabarani, na magari ya mbele hukurushia tope la chumvi hiyo hadi kioo kikawa cheupe. Ukikosa maji ya kuosha unaendesha ukiwa kipofu. Kabla ya kuondoka kwangua vioo vyote, si kitundu cha kuchungulia tu, na ufagie theluji iliyo juu ya paa. Usipofanya hivyo, ukikanyaga breki yote huporomokea kioo cha mbele.

Chumvi hiyo hiyo hula chuma, kwa hivyo osha gari chini. Na usiitegemee kupita kiasi: baridi ikipita nyuzi 10 chini ya sifuri, chumvi ya kawaida haiyeyushi barafu vya kutosha.

4. VITU VYA KUWEKA BUTINI

Mjomba alinipa orodha, nami naitoa kama nilivyopewa: sepetu fupi, brashi na kikwangulio, mfuko wa mchanga wa kumwaga chini ya tairi zinazozunguka bure, nyaya za kuazima moto wa betri, kamba ya kuvutia gari, tochi, blanketi, glavu na soksi za akiba, chakula kikavu, na kopo lenye mshumaa na kiberiti. Mshumaa mmoja ndani ya gari lililofungwa hupunguza makali ya baridi, ila kioo kiachwe wazi kidogo. Tangi la petroli lisishuke chini ya nusu.

Ukikwama, kaa ndani ya gari. Wengi walioamua kutembea wamepotea. Washa injini kama dakika 10 kila saa, lakini kwanza toka ufukue theluji iliyoziba bomba la moshi. Bomba likizibwa, hewa ya sumu hurudi ndani. Haina harufu wala rangi, nayo huua mtu akidhani anasinzia tu.

5. MGUU WA DEREVA

Baada ya yote hayo bado dereva ana kazi yake. Ondoka polepole, kata kona polepole, na usifanye mambo mawili kwa pamoja: maliza kupunguza mwendo ndipo ugeuze usukani. Acha nafasi ya sekunde 8 hadi 10 baina yako na gari la mbele. Nyuma ikianza kuteleza, ondoa mguu kwenye mafuta na uelekeze usukani unakotaka kwenda. Jihadhari na madaraja, kwani huganda kabla ya barabara, na barafu yake huonekana kama lami iliyolowa tu. Mwenda pole hajikwai.

TAMATI

Wasomaji wapendwa, huenda wengi wenu hamtaiona theluji maishani. Lakini hesabu ile ya msuguano inafanya kazi Kenya pia. Msimu wa masika, lami ikilowa, tairi kipara haiwezi kusukuma maji kando, nayo huelea juu yake. Siku ukipanda matatu, kabla ya kusikiliza muziki wake, chungulia meno ya tairi zake. Ukiziona zimekuwa laini kama kigae, ngoja inayofuata, hata kama umechelewa.

Karo ya dada yangu ilichelewa wiki tatu mwaka ule, kwa sababu ya zile tairi nne. Alinung'unika sana kwenye simu. Lakini alilipiwa na mtu aliye hai, na yule mtoto wa kofia nyekundu alifika shule.