Unataka misuli? Usiufukuze ugali, upunguze tu

Kijana wa Kakamega ukitangaza nyumbani kwamba umeacha ugali, jiandae kwa maswali. Mama atauliza kama unaumwa. Nyanya atasema mtu ambaye hajala obusuma hajala kitu, hata kama ameshushia kuku mzima. Wenzako wa Lurambi nao watacheka: "Sasa utakula nini, majani?"

Lakini ukiingia jimu yoyote mjini utasikia ushauri ule ule: ukitaka kukata kitambi na kujenga kifua, acha wanga. Ugali nje, chapati nje, mandazi nje. Baki na nyama na mayai. Je, kuna ukweli hapo? Upo, ila ni nusu.

Kwanza, hili wazo si la TikTok. Mwaka wa 1863, mzee mmoja wa London kwa jina William Banting alichapisha kijitabu akieleza jinsi alivyopungua kwa kuacha mkate, sukari, bia na viazi. Mwaka wa 1972 daktari Mmarekani Robert Atkins akalirudisha wazo hilo kwa kitabu kilichouzwa sana. Keto ya leo ni mtoto wa ukoo huo huo.

Tupige hesabu kidogo. Lishe ya wanga kidogo kwa kawaida ni ile isiyozidi gramu 130 za wanga kwa siku. Keto ni kali zaidi, chini ya gramu 50. Sasa chukua pakiti ya unga wa mahindi ya kilo 2. Karibu robo tatu ya uzito wake ni wanga, yaani kilo moja u nusu hivi. Pakiti hiyo ikitoa sahani 8 za watu wenye njaa, kila sahani ina zaidi ya gramu 180. Umeona? Ugali wa chakula cha mchana pekee umepita kiwango cha siku nzima, na bado hujahesabu chai ya sukari, skonzi na soda ya jioni.

Ndiyo maana wanaopunguza wanga huona mabadiliko haraka. Lakini usidanganywe na mizani ya wiki ya kwanza. Mwili huhifadhi wanga kwenye misuli na ini kama glaikojeni, na kila gramu ya glaikojeni hukaa na takriban gramu 3 za maji. Ukikata wanga, akiba hiyo inaisha na maji yanatoka. Kilo 2 zimeenda, unashangilia, kumbe mafuta bado yako pale pale.

Mafuta huondoka pale unapokula nishati kidogo kuliko unayotumia, kwa muda mrefu. Mwaka wa 2018, watafiti wa Chuo Kikuu cha Stanford walichapisha matokeo ya watu 609 waliofuatwa kwa miezi 12, baadhi wakipunguza wanga na wengine wakipunguza mafuta. Waliopunguza wanga walipoteza wastani wa kilo 6.0, wenzao kilo 5.3. Watafiti walisema tofauti hiyo haikuwa ya maana. Kwa hivyo, njia bora ni ile utakayoweza kuishi nayo.

Na misuli je? Misuli haijengwi kwa kukosa ugali. Inajengwa na vitu viwili: mzigo unaoongezeka kidogo kidogo, na protini ya kutosha. Uchambuzi wa tafiti 49 uliotolewa mwaka wa 2018 ulionyesha kwamba faida ya protini kwa wanaoinua vyuma hufika kilele kwenye gramu 1.6 hivi kwa kila kilo ya uzito wako kwa siku. Ukiwa na kilo 65, hiyo ni gramu 104.

Hapo ndipo wengi hukimbilia kununua poda ya bei ghali, na pesa ya matumizi inaishia kwenye mkebe. Pitia sokoni kwanza. Mayai boilo 5 kwa siku yanakupa gramu 30 za protini. Vikombe viwili vya maziwa au mala, 16. Kikombe cha maharagwe yaliyopikwa, 15. Gramu 50 za omena kavu, zaidi ya 25. Kiganja cha njugu, 7. Ukiongeza kipande cha ugali na mboga, umeshafika karibu 100 bila poda. Msimu wa kumbikumbi ukifika, usijifanye mtu wa mjini: wadudu hao wana protini na mafuta mengi.

Sahani ipange hivi: nusu iwe mboga, kama mrenda, kunde, saga au managu. Robo iwe protini. Robo iliyobaki ndiyo ya ugali, viazi vitamu au nduma. Siku ya mazoezi mazito, weka ugali wako kwenye mlo wa kabla au baada ya jimu, maana wanga ndiyo petroli ya kazi ya nguvu. Utafiti wa mwaka wa 2004 kuhusu wakimbiaji bora wa Kenya ulipata kwamba zaidi ya robo tatu ya nishati yao ilitoka kwa wanga, ugali ukiwa mbele, na hakuna aliyekuwa na kitambi. Kama unacheza raga au soka na unataka kukimbia hadi dakika ya mwisho, keto huenda ikakuchomea mechi.

Cha kukata bila huruma ni sukari. Soda ya nusu lita ina takriban gramu 50 za sukari. Najua tuko nchi ya miwa, lakini si lazima tuile yote sisi.

Kuna wale ambao hawafai kujaribu haya peke yao. Kama unatumia dawa za kisukari, ukipunguza wanga ghafla sukari ya damu inaweza kushuka ukazirai. Mwenye ugonjwa wa figo, mjamzito, au aliyewahi kusumbuliwa na tatizo la kujinyima chakula, aongee na daktari au afisa wa lishe hospitalini kwanza.

Na nyumbani? Usikatae ugali wa mama, hiyo vita hutaishinda. Kata kipande kidogo, jaza mboga, omba kuku zaidi. Imondo mwachie mzee wa boma. Kisha pima kiuno kwa futi ya fundi cherehani kila baada ya wiki mbili, na uandike uzito unaoinua. Baada ya wiki 8, kiuno kikishuka na vyuma vikipanda, uko sawa. Visipobadilika, tatizo huenda liko kwa usingizi, pombe au mazoezi unayoruka.