Milango mingi, pantoni ileile

Ukiingia kliniki Marekani siku hizi, tupia jicho kitambulisho kinachoning'inia kifuani kwa daktari. Baada ya jina lake kuna herufi. Tulizozizoea ni MD, lakini mara nyingi utakuta DO, yaani daktari wa osteopathia, na hapo ndipo simu za ndugu zetu walioko Ohio na Minnesota huanza kuingia: "Mama kapangiwa DO. Huyo ni daktari kweli, au ni mkandaji wa viungo?"

Ni daktari kamili. Anaandika dawa, anapasua, anazalisha, anasimamia chumba cha wagonjwa mahututi. Daktari aliyemhudumia Donald Trump alipougua Uviko mwaka 2020 ni DO. Aliyemhudumia Joe Biden alipokuwa Ikulu naye ni DO, na aliyechukua kazi hiyo Trump aliporudi madarakani ni DO vilevile. Herufi zinaonyesha chuo alikotoka mtu. Ni kama daktari wa Muhimbili anavyohitimu na MD na mwenzake wa Nairobi na MBChB; wakiwa wodini mgonjwa hajui wala hajali nani ana ipi. Mkanganyiko unaletwa na Uingereza na nchi nyingi za Ulaya, ambako mtu wa osteopathia hutibu kwa mikono tu na si daktari. Marekani jina ni lilelile, kazi ni nyingine.

Swali la mama limekwisha. Linalobaki ni kwa nini herufi hizo zimeongezeka kwa kasi namna hii, na kama wingi wa vyuo unamletea mgonjwa wa shamba daktari anayemngoja.

Osteopathia ilianzia kwenye msiba. Andrew Taylor Still alikuwa tabibu wa mpakani, huko Kansas na Missouri, katikati ya karne ya 19. Mwaka 1864 alipoteza watoto watatu kwa homa ya uti wa mgongo, na elimu yote aliyokuwa nayo haikumsaidia kitu. Tiba ya zama zile ilikuwa kumtoa mgonjwa damu na kumnywesha dawa zenye zebaki, na mara nyingi dawa iliua kabla ya ugonjwa. Still akageukia mifupa, misuli na mishipa, akiamini kwamba mwili uliokaa sawa una uwezo wa kujiponya. Mwaka 1892 alifungua chuo mjini Kirksville, Missouri, na darasa lake la kwanza lilikuwa na wanawake, jambo ambalo vyuo vingi vya udaktari vya wakati huo havikutaka hata kulisikia.

Mengi aliyoyaamini Still sayansi haikuyathibitisha, na warithi wake wakayaacha taratibu. Wakaingiza dawa, upasuaji, maabara na chanjo, mpaka mtaala wao ukawa ule wa vyuo vingine. Kilichobaki cha mwanzilishi ni saa zipatazo 200 za kujifunza tiba ya mikono. Wanafunzi hulala mezani kwa zamu, mmoja akiwa mgonjwa na mwenzake akipapasa uti wa mgongo kutafuta penye ugumu. Wapo DO wanaoitumia tiba hiyo kila siku, na wapo wengi ambao tangu wahitimu hawajaigusa.

Kukubalika kulichukua muda mrefu. Mwaka 1962 jimbo la California liliamua kuwamaliza kwa kuwameza: madaktari wapatao 2,000 walipewa shahada ya MD kwa ada ya dola 65, chuo chao cha Los Angeles kikageuzwa cha MD, na leseni mpya za DO zikapigwa marufuku. Nchi nzima vikabaki vyuo vitano. Ajabu ni kwamba pigo hilo lilikuwa hoja yao bora kuliko zote, kwani kama dola 65 na karatasi vinatosha kumgeuza DO kuwa MD, basi tofauti yenyewe ilikuwa ndogo tangu mwanzo. Mwaka 1966 jeshi likawafungulia mlango. Mwaka 1969 Michigan ikaanzisha chuo cha kwanza cha osteopathia chenye fedha za umma. Mwaka 1973 Mississippi ikawa jimbo la mwisho kuwapa leseni kamili, na mwaka uliofuata mahakama ya juu kabisa ya California ikaifuta ile marufuku.

Kuanzia hapo ngalawa ikapata upepo. Mwaka 2000 vyuo vya osteopathia vilikuwa chini ya 20. Leo vimepita 40, na ukihesabu na matawi yake, mahali vinapofundishia ni zaidi ya 60. Zaidi ya robo ya wanafunzi wote wa udaktari Marekani wanasoma humo.

Mbona ni hivi vinavyochipua haraka hivyo? Kwanza, vina chombo chao cha ithibati, tofauti na kile cha vyuo vya MD. Pili, na hili ndilo kubwa, vimejengwa kwa namna nyingine. Chuo cha MD kwa desturi husimama ubavuni mwa hospitali kubwa ya rufaa, chenye maabara za utafiti na maprofesa wanaolipwa kufundisha wodini. Chuo kipya cha osteopathia mara nyingi hakina hospitali. Kina jengo zuri, kumbi za mihadhara, midoli ya kufanyia mazoezi na meza za tiba ya mikono. Miaka miwili ya kwanza mwanafunzi anasoma hapo. Miaka miwili inayofuata anapakia nguo kwenye gari na kwenda popote chuo kilipopata nafasi: mwezi huu kwa daktari wa watoto katika mji mdogo, mwezi ujao kwa mpasuaji katika hospitali ya wilaya umbali wa saa tatu. Gharama ya kuanzisha inapungua sana, na karo ya miaka minne inaingia. Kwa chuo kikuu kidogo cha binafsi kinachopungukiwa wanafunzi wa masomo mengine, ni biashara inayovutia. Hata mtaji wa faida umeingia: Rocky Vista, kilichofunguliwa Colorado mwaka 2008, kilikuwa chuo cha kwanza cha udaktari cha kutafuta faida nchini humo baada ya takriban karne nzima.

Mfumo huo una pande mbili. Mwanafunzi aliyekaa na daktari mmoja wa mji mdogo huzalisha kwa mikono yake mwenyewe, wakati mwenzake wa hospitali kubwa anachungulia nyuma ya mabega ya watu sita. Lakini ubora unategemea amemwangukia nani. Daktari mmoja atamfundisha kila jioni, na mwingine, mwenye wagonjwa thelathini wanaomsubiri, atamwambia akae kimya aangalie.

Sasa tuje kwenye hesabu. Marekani, shahada ya udaktari peke yake haimpi mtu ruhusa ya kutibu. Lazima apitie rezidensi, yaani miaka mitatu hadi saba ya kufanya kazi hospitalini chini ya usimamizi. Kwetu ungeifananisha na utarajali ulioungana na masomo ya ubingwa. Fedha za kuwalipia marezidenti hutoka kwa sehemu kubwa Medicare, bima ya serikali ya wazee. Na mwaka 1997 Bunge la Marekani liliweka kikomo: kila hospitali italipiwa idadi ya marezidenti iliyokuwa nao mwaka 1996, basi. Miaka ile wataalamu walihofia kwamba madaktari wangezidi mahitaji. Walikosea. Makadirio ya mwaka 2024 ya jumuiya ya vyuo vya MD yanasema nchi hiyo inaweza kupungukiwa na madaktari hadi 86,000 ifikapo mwaka 2036. Bunge lilipokuja kulegeza kamba, mwishoni mwa 2020, liliongeza nafasi 1,000 tu, zitolewe zisizozidi 200 kwa mwaka.

Anayevuka na pantoni ya Kigamboni, Dar es Salaam, anaijua hesabu hii bila kufundishwa. Ongeza mageti upande wa Magogoni, watu wataingia upesi kwenye banda la kusubiri, na anayetazama kutoka mbali atasema foleni imekwisha. Lakini watakaofika ng'ambo kabla ya magharibi ni wale wanaotosha kwenye pantoni. Vyuo vipya ni mageti. Rezidensi ndiyo pantoni.

Utaniuliza: kama pantoni ni ndogo, mbona wahitimu wa DO hawajai ufukweni? Kila mwaka, Ijumaa ya tatu ya mwezi Machi, wanafunzi wa mwaka wa mwisho nchi nzima hufungua bahasha au barua pepe saa ileile kuona wamepangiwa wapi. Mwaka 2024 wahitimu wapya wa DO waliopata nafasi walikuwa takriban asilimia 92, nyuma kidogo tu ya wenzao wa MD. Tangu mwaka 2020 makundi yote mawili yanapangwa kwa mfumo mmoja. Kwa juujuu, hakuna tatizo.

Mtazame aliyesukumwa pembeni. Kati ya raia wa kigeni waliosomea udaktari nje ya Marekani, waliopata nafasi mwaka huo hawakufika asilimia 60. Hawa ndio Wahindi, Wapakistani, Wanaijeria na Wafilipino ambao kwa miongo mingi wamejaza nafasi za tiba ya familia na magonjwa ya ndani katika hospitali ambazo Wamarekani hawakuzitaka. Takriban robo ya madaktari wote wa Marekani walisomea nje. Ni kweli pantoni imetanuka kiasi, kwa sababu hospitali nyingine hulipia nafasi za ziada kwa fedha zao, na nafasi zilizotangazwa mwaka 2024 zilizidi 41,000. Hata hivyo, kiti kipya cha chuo peke yake hakizai daktari mpya. Huweza kubadilisha tu nani anayepanda: Mmarekani aliyesoma nyumbani kwa mkopo anachukua nafasi ya mgeni aliyesomeshwa na walipakodi wa nchi nyingine. Kwa nchi zinazolia kila mwaka kwamba madaktari wake wanakimbia, hiyo huenda ikawa nafuu. Kwa mgonjwa wa kijijini Kentucky, idadi ya madaktari inaweza kubaki karibu palepale.

Nisiwadhulumu wenye vyuo, maana wapo waliolielewa jambo hili mapema. Zaidi ya nusu ya DO wote wako katika huduma ya msingi: tiba ya familia, magonjwa ya ndani na watoto. Chuo cha Pikeville, katika milima ya makaa ya mawe ya Kentucky mashariki, kilifunguliwa mwaka 1997 makusudi kwa ajili ya eneo ambalo madaktari walilipitia mbali. Mjini Tahlequah, Oklahoma, chuo kikuu cha jimbo kiliungana na taifa la Wacherokee mwaka 2020 kufungua chuo cha kwanza cha udaktari kwenye ardhi ya wenyeji asilia, na wahitimu wake wa kwanza walitoka mwaka 2024. Wazo ni kumchukua mtoto wa pale, kumfundishia pale, na kutumaini atabaki pale.

Tumaini hilo lina msingi, ila msingi wake si chuo peke yake. Zaidi ya nusu ya madaktari wa Marekani hufanya kazi katika jimbo walilomalizia rezidensi. Ni jambo la kibinadamu. Mtu akiwa na miaka thelathini ndipo anapooa, ananunua nyumba, anawajua mafamasia na watu wa kanisani kwake. Jimbo lenye chuo lisilo na rezidensi linamlea kijana miaka minne, kisha linamkabidhi kwa jirani.

Njia ya kuongeza pantoni ipo, tena ndani ya sheria ileile ya kikomo. Hospitali ambayo haijawahi kufundisha marezidenti hupewa miaka mitano ya kujenga programu zake kabla kikomo chake hakijapangwa. Chuo makini huanzia hapo: kinatafuta hospitali ndogo ya mji mdogo, kinaisaidia kuandaa walimu, na mageti yanafunguliwa pantoni ikiwa tayari imetia nanga. Vilevile, tangu sheria ya afya ya mwaka 2010, serikali inalipia rezidensi katika vituo vya afya vya jamii, mbali na hospitali kubwa. Programu hizo ni ndogo na fedha zake huombwa upya kila baada ya muda mfupi, lakini daktari anayefunzwa humo amezoea kuhudumia maskini kabla hajazoea kingine.

Kuna wingu jingine. Mhitimu wa DO hutoka na deni ambalo kwa kawaida linapita dola 200,000. Sheria iliyopitishwa mwaka 2025 inaweka kikomo cha mikopo ya serikali kwa wanafunzi wapya wa fani hizi kuanzia Julai 2026: dola 50,000 kwa mwaka, 200,000 kwa jumla. Vyuo vingi vya binafsi vya osteopathia vinadai zaidi ya hapo ukijumlisha na gharama za kuishi. Mtoto wa mkulima, yuleyule anayetarajiwa kurudi shambani, ndiye atakayekwama kwanza.

Tusidhani mambo haya ni ya ng'ambo tu. Mwaka 2024 madaktari wa Kenya waligoma kwa siku 56, na kiini cha mgogoro kilikuwa wahitimu waliomaliza chuo na kukaa nyumbani wakisubiri serikali iwapangie utarajali na iwalipe walichoahidiwa. Mageti yalikuwa wazi. Pantoni haikuja.

Kwa hiyo nikipigiwa tena simu kutoka Ohio, nitamwambia ndugu yangu asihangaike na herufi za kifuani. Amuulize daktari alifanyia wapi rezidensi. Akitaja hospitali iliyo mwendo wa nusu saa kutoka hapo, mama amepata daktari ambaye huenda mwakani bado atakuwepo.